Kahawa Tuliyokunywa Fanja

Kahawa ya moto yenye iliki ikimiminwa hunukia nyumba nzima, na harufu hiyo kila mtu anaijua. Mimi nna harufu nyengine ninayoijua zaidi, ya kahawa iliyotiwa kikombeni ikaachwa mpaka ikapoa. Inanukia kama mti uliolowa, na ndani yake mna moshi kidogo wa jiko lililozimwa kwa maji. Mwezi uliopita walikuja watu kumposa mjukuu wangu Ilham, hapa Mawaleh kwa mwanangu, wakakaa ukumbini na vikombe vimejaa mbele yao, hakuna aliyegusa. Mimi nilikuwa chumba cha pili na wanawake wenzangu, mlango u wazi. Harufu ile iliponijia nikanyanyuka, nikenda kukaa jikoni. Ilham akanifuata na nguo zake za kumetameta.

"Bibi, umepatwa na nini?"

Nikamwambia sukari imeshuka. Haikushuka. Nilikuwa Fanja.

Nianze na watu, maana mimi sikusoma ila chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli, lakini majina ya watu sisahau. Tuliokwenda Fanja siku ile tulikuwa hawa. Mimi, Shinuna binti Sefu, mtoto wa miaka kumi hivi. Shoga yangu Zuwena binti Nasoro, jirani yangu tangu Unguja, Malindi, tuliolala mkeka mmoja na kupigwa fimbo moja. Mama yake, Bi Mize binti Haji, mtu wa Makunduchi. Na dereva, Mbaraka, Mbulushi mzaliwa wa Matrah, aliyekuwa akiendesha lori la tajiri mmoja wa ndimu. Huko tulikokwenda tuliwakuta Ami Hamedi, ndugu wa baba yake Zuwena, baba mmoja mama mmoja. Mkewe Bi Thuraya. Na mama wa ndugu hao, Bibi Jokha, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Majirani nao wakaja, wanawake watatu au wanne wa kututazama. Hao sikuambiwa majina yao, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

Ilikuwa kabla ya mwaka wa sabini, kabla nchi haijatiwa lami. Sisi tulikuwa tumefika kwa meli baada ya yale yaliyotokea Unguja, tukashushwa huku Uarabuni, Matrah, na mabunda yetu. Unguja tulikuwa tukiitwa Waarabu, na wengine walijivunia jina hilo. Matrah wakatuita watu wa Zinjibari, na watoto wakatucheka tulivyosema Kiarabu. Baba yangu alipata kibarua bandarini, akatujengea kibanda cha makuti, na nyuma yake akajenga kengine kidogo kwa Bi Mize na Zuwena, maana hawakuwa na mtu. Nasoro, baba yake Zuwena, alitoka nyumbani asubuhi moja katika siku zile mbaya kwenda kumtazama rafiki yake Ng'ambo. Hatukumuona tena, wala kaburi lake hatulijui.

Bi Mize alikuwa akishona kofia. Mkono wake ulikuwa mwepesi, viua vidogo vidogo kama mbegu za ufuta, na watu wa Matrah walizinunua. Lakini mwaka ule alianza kukohoa. Alikuwa akikohoa kwenye ncha ya kanga, kisha huikunja ile ncha kwa ndani na kuifunga kiunoni, huku anaendelea na maneno yake kama hakutokea kitu. Sisi watoto tulidhani ni mtindo. Mama yangu hakudhani hivyo. Nilimsikia akimwambia baba, "Huyu mtoto ataachiwa nani?" Na baba alikuwa na sisi saba na kibarua cha siku moja moja.

Basi ndiyo ikatoka safari ya Fanja. Marehemu Nasoro alizaliwa Fanja, akenda Unguja kijana, na kila msimu aliwapelekea ndugu zake vitu: karafuu, nguo, sahani za maua. Jioni kibarazani alikuwa akituhadithia mimi na Zuwena habari za kwao: mji uliokaa juu ya jabali, mlango wa kijani, maji yanayopita katikati ya mitende usiku na mchana pasi na mtu kuyachota. Alikuwa na mitende yake huko, aliyoachiwa na babaye, sehemu yake na ya nduguye hazijagawanywa. Akimaliza husema, "Mkataa kwao mtumwa, wanangu." Zuwena aliyajua yote kwa moyo, kama sura za Kurani.

Mbaraka alikuwa akenda Fanja kuchukua ndimu na mitungi ya udongo, akakubali kutuchukua kwa sharti turudi siku ile ile, lango la Matrah halijafungwa usiku. Zuwena akasema bila ya mimi hendi. Mama akanifunga mtandio, akaniambia maneno ambayo kila mama wa Unguja alimwambia mwanawe anayekwenda kwa watu: "Ukipewa, pokea. Usikatae cha mwenyeji. Usimalize, lakini usikatae."

Tukatoka alfajiri, lango lilipofunguliwa. Bi Mize alikaa mbele na buibui lake, na chini yake kanga mpya ambayo alikuwa ameiweka tangu Unguja kwa siku ya maana. Sisi wawili tulikaa nyuma juu ya magunia matupu yaliyonuka ndimu kavu. Njia ilikuwa mawe. Mara tunapita mchangani, mara ndani ya wadi, yaani mto uliokauka ukabaki kokoto tupu, na lori linaruka mpaka meno yanagongana. Qurum mnayoijua nyinyi, yenye majumba na magari, ilikuwa mikoko na mchanga. Ghubra palikuwa na vibanda vya wavuvi na samaki wameanikwa. Hapa Mawaleh nilipokaa hivi sasa, na zulia chini ya miguu yangu, palikuwa na miti ya miiba na mbuzi wamesimama juu yake. Zuwena akasema, "Mbuzi wa kwenu wanapanda miti, ndiyo maana na nyinyi mna akili za kuku." Nikamwambia kwetu ni kwake pia. Akasema la, kwake yeye ni Fanja, na Fanja mbuzi wana adabu.

Mbele kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo, na tulimsikia Bi Mize akijisomea maneno yake. Alikuwa ameyapanga siku nyingi. "Shemegi, mimi sikuja kutaka kitu. Mimi mtu wa kupita. Huyu ni damu yenu, mchukueni akae kwa bibi yake. Sitaki mitende wala nyumba. Mchukueni huyu tu." Kisha hukohoa, hutulia, huanza tena, "Shemegi, mimi sikuja kutaka kitu."

Mbaraka akamwambia, "Bi Mize, ukisema mara nyengine nitakuchukua mimi."

Bi Mize akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi lori lisimame.

Nyuma huku Zuwena naye akaigiza. Alichukua kipande cha kamba ya gunia akakiweka juu ya mdomo kiwe masharubu, akakohoa kizee. "Mimi ndiye Hamedi. Nani huyu mtoto mzuri?" Nikamwambia, "Huyu hana uzuri, ni mwembamba kama ufito, lakini mchukue, anajua kupika wali ukaungua." Akasema kwa sauti ile ile ya ami yake, "Nimeshamchukua. Na shoga yake naye aje siku za sikukuu ale tende." Tukapeana mikono, mambo yakawa yamekwisha. Kwetu sisi ilikuwa rahisi namna hiyo.

Tulifika jua limeshapanda. Mji ulikuwa kama alivyosema Nasoro, juu ya jabali, nyumba za udongo rangi moja na jabali lenyewe, hujui wapi mlima unakwisha na wapi ukuta unaanza, na chini yake mitende mingi, kijani kama kitu kilichomwagika. Zuwena alishuka lorini akiutazama mji. Kisha akaanza kututangulia, yeye asiyepata kufika, akipinda kona kama mtu anayekwenda nyumbani kwao kutoka skuli. Tukafika penye maji. Yalikuwa yanapita katika mfereji wa mawe, wenyewe huuita falaji, safi mpaka unaona visamaki vidogo chini. Tukavua ndara tukatia miguu. Visamaki vikaja kututekenya vidole, na Zuwena akacheka kicheko chake cha puani, ambacho sijakisikia kwa mtu mwengine mpaka leo.

Mara akatokea mwanamke mmoja na jungu kichwani, akatufokea kwa Kiarabu cha haraka huku anatuonyesha kwa kidevu. Mbaraka akaja mbio akamuomba radhi. "Nyinyi vifaranga mmetia miguu penye maji ya kunywa. Hapa maji yana daraja. Hapa wanachota, pale chini wanaoga wanaume, chini tena wanawake, mwisho mitende. Mnadhani ni bahari hii, kila mtu anaingia anapotaka?" Tukavaa ndara kwa haya. Bi Mize akawa ametahayari zaidi yetu. Akatuweka pembeni akatunong'oneza, "Huku kila kitu kina mwendo wake. Basi nitizameni mimi. Nitakachofanya mimi, nanyi fanyeni." Maneno hayo yalimtoka kwa kutupenda. Nnayakumbuka vizuri mno.

Mlango ulikuwa wa kijani. Ami Hamedi alitufungulia mwenyewe, mtu mrefu, ndevu zimechanwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kipemba, maana ujanani alikuwa na duka Wete.

"Karibu shemegi. Karibuni wanangu. Jamani, mbona hamkuniletea khabari? Ningekuja kuwapokea njiani."

Alikuwa na sauti nzuri. Bi Mize alitoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Mbaraka akabaki nje, gurudumu moja lilikuwa limelegea, na sisi tukaingizwa chumba kirefu kilichotandikwa mikeka. Ukutani mlikuwa na vishubaka, na ndani ya vishubaka sahani za maua mekundu. Zuwena akanifinya. "Zile sahani zetu." Ndizo, zilikuwa sawa na zile walizokuwa nazo Malindi.

Bibi Jokha alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, mdogo, mikono imetiwa hina. Bi Mize akapiga magoti akambusu kichwa, akatoa kitambaa alichokuja nacho kifuani. Ndani yake mlikuwa na kofia ya Nasoro, ile aliyomshonea alipokuwa bibi harusi. Bikizee akaipapasa viua vyake kimoja kimoja, akaipeleka puani, akaishikilia hapo. Hakulia kwa sauti. Kisha akanyoosha mkono hewani kutafuta, na Bi Mize akamsogeza Zuwena. Vidole vile vikapita usoni pake, vikafika masikioni, vikasimama. Zuwena alikuwa na masikio ya baba yake, ndewe zimeshikana na shavu. Bibi Jokha akasema neno moja tu, na hilo hata sisi tulilifahamu. "Nasor." Akamketisha ubavuni pake akamshika kiganja cha mkono, hakukiachia.

Majirani walikuwa wameshaingia, wamejipanga ukutani, wanatutazama. Bi Mize akajiweka sawa. Nilimuona akikunja miguu, akifunga mtandio, akifungua mdomo. "Shemegi," alisema, "mimi sikuja…"

"Kwanza kahawa," akasema Ami Hamedi.

Alikuwa ameshalishika dele la kahawa mkononi. Alimimina yeye mwenyewe, mwenye nyumba, hakumngoja mtu. Bi Thuraya akatokea mlangoni na sinia la tende, akasimama pale pale na sinia lake, anamtazama mumewe, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Ami Hamedi akampa Bi Mize kikombe, akabaki ameinama mbele yake na dele. "Kunywa, shemegi. Kunywa ingali moto. Umetoka mbali."

Bi Mize akanywa. Usikatae cha mwenyeji. Akamuongeza, akanywa tena, kisha akakitikisa kikombe, ishara ya kuwa imetosha, maana hilo tulilijua, hata Unguja wazee wetu walikuwa wakitikisa. Kwa hivyo tulidhani tunajua yote. Nami nikanywa, chungu, nikatikisa.

Kikombe cha Zuwena kilipotiwa, yeye alikishika kwa mkono ule uliokuwa huru. Bibi Jokha aliisikia kahawa ikimiminwa. Akapapasa, akakipata kikombe mkononi mwa mjukuu wake, akakitoa polepole bila kumwaga tone, akakiweka chini juu ya mkeka, mbele ya Zuwena. Akatia mkono wake pajani. Kisha akauelekeza uso aliko mwanawe.

Majirani wale wakaacha kunong'ona. Mmoja alikuwa anajipepea kwa kipepeo cha ukindu, akaacha kujipepea. Wote wakamgeukia Ami Hamedi. Sisi tulidhani ajuza amekosea, macho hayana nuru, amemnyang'anya mtoto kikombe. Mimi nilitaka hata kucheka, nikajiuma mdomo.

Ami Hamedi ndiye aliyecheka. "Mama amezeeka," akasema kwa Kiswahili, akitusemesha sisi. Akainama, akakiokota kile kikombe, akamuwekea Zuwena mkononi.

Zuwena akamtazama mama yake.

"Kunywa, mwanangu," akasema Bi Mize. "Usitutie aibu."

Zuwena akanywa. Bibi Jokha alikuwa bado ameshika kiganja chake, na nafikiri aliisikia kahawa ikimezwa, maana alikiachia hapo hapo. Akaichukua ile kofia akajifunika nayo uso. Kipepeo cha ukindu kikaanza tena. Bi Thuraya akaleta tende.

Baada ya hapo tulikirimiwa, siwezi kusema uongo. Alichinjwa mbuzi, tukapikiwa wali na ndimu kavu, tukafukizwa udi. Khabari zilikuwa za mvua, za tende, za nani alikufa Wete na nani yuko Dubai. Kila Bi Mize akivuta pumzi aseme, Ami Hamedi alimsogezea nyama. Mwisho kule nje Mbaraka akapiga honi, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Bi Mize akasimama, akasema alilokuja kusema, haraka haraka, mlangoni, viatu mkononi. Hakusema hata nusu ya alivyopanga. "Shemegi, huyu mtoto, mimi kifua changu… nilitaka mumchukue."

Ami Hamedi hakukasirika. Alisema kwa sauti ile ile nzuri: "Shemegi, umekula na umekunywa kwangu. Wewe sasa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hana haraka. Mambo ya kusema yana siku yake. Njooni tena tende zikiiva."

Akatupatia kikapu cha tende za mavuno yaliyopita. Zuwena aligeuka kumtafuta bibi yake, lakini Bibi Jokha alikuwa ameshapelekwa ndani.

Njiani Bi Mize alikuwa na furaha, au alikuwa akiishona kama anavyoshona kofia, kiua kwa kiua. "Umeona, Zuwena? Ami yako mkarimu. Tende zikiiva tutarudi, katukaribisha mwenyewe." Mbaraka akauliza, "Ulimwambia kabla ya kahawa au baada ya kahawa?"

"Baada," akasema Bi Mize. "Ningekataaje kahawa ya watu?"

Mbaraka akayatazama mawe ya njia, akaendesha.

Bi Mize hakuziwahi tende. Baridi ilipoingia alikuwa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, Zuwena ndiye aliyemtungia. Alikufa asubuhi ya Ijumaa, na mama yangu ndiye aliyemuosha. Baba alipeleka khabari Fanja kwa mkono wa Mbaraka. Ikarudi salamu ya rambirambi na kikapu kengine cha tende. Zuwena alikaa kwetu mpaka akatokea Bi Sharifa binti Omari, mtu wa kwetu wa mtaa wa Kiponda, anayekwenda Doha na watoto wake wadogo, akasema atamchukua amlee na amsaidie kazi. Baba na mama walikaa usiku wakinong'ona, na asubuhi mama akamfunga Zuwena mtandio kama alivyonifunga mimi siku ile, akamwambia maneno yale yale. Ukipewa, pokea. Bandarini hakulia. Aliniambia tu, "Mbuzi wa Doha sijui wanapanda nini." Akaleta salamu mara moja kwa mtu, tukaambiwa amenawiri, kisha tukaambiwa wale watu wamehama. Basi.

Miaka ikapita, si mingi, nchi ikafunguka, dada yangu Zayana akaja kuposwa na watu wa bara, watu wa jabalini. Wazee wao wakaingia, wakatiliwa kahawa, wakaviweka vikombe chini juu ya zulia. Hawakunywa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikaona haya, nikamnong'oneza Bi Salima, jirani yetu Mwarabu wa Nizwa, "Kahawa yetu mbaya?"

Akaniziba mdomo. "Wana haja hao. Mwenye haja hanywi. Anakiweka kikombe chini, na mwenye nyumba akikiona hana pa kukimbilia, lazima aulize, mna nini? Akishauliza mbele za watu, kumrudisha mgeni mtupu ni fedheha itakayomfuata mpaka kaburini. Subiri utaona." Na kweli, baba yangu, ambaye alikuwa ameshajifunza, akasema, "Kunyweni kahawa yenu, mlichokijia mmekipata." Wakanywa, vigelegele vikapigwa.

Nikamshika Bi Salima mkono. "Na akishakunywa kabla ya kusema?"

"Basi amesema hana haja."

"Na mwenye nyumba akimtilia mtu kahawa hata tende hazijaletwa?"

Bi Salima akacheka. "Nani huyo? Tende hutangulia. Labda mtu anayemuogopa mgeni wake."

Ndipo nilipokaa chini. Nikamuona tena Bi Thuraya mlangoni na sinia lake. Nikauona ule mkono wa hina ukitafuta kikombe gizani mwake, mtu mmoja tu katika chumba kile aliyemuombea Zuwena, naye haoni, na hana lugha ya kutuambia. Na wale majirani walikuwa wakingoja. Lilibaki neno moja tu kwa Ami Hamedi, kuuliza mna nini. Akampa mtoto kikombe, na mama mtu, kwa adabu zake zote nzuri za Makunduchi, akamalizia kazi. Nilimuuliza mama yangu kama Bi Mize alikufa anajua. Mama akasema hajui. Sijui kama alikuwa akijibu swali langu au akinificha jambo.

Mwanangu alinipeleka Fanja miaka iliyopita, kwa lami, hata usingizi haujanikolea tumefika. Mlango upo, rangi imebanduka, ndani paa limeanguka. Ami Hamedi kafa, wanawe wamejenga Ghubra na hawashuki huko. Mitende ya Nasoro na ya nduguye yote imekauka, imesimama vigogo tu bila vichwa, maana falaji limekatika maji. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu, sikupata pa kuiweka chuki yangu. Marehemu Nasoro alikuwa akisema mkataa kwao mtumwa. Aliyekataliwa na kwao, hao waliotunga methali hawakumtaja.

Basi hayo ndiyo nnayoyajua, na majina niyajuayo nimeyataja. Lakini nilikuwa mtoto, na mtoto huona anavyoona. Kama yupo msomaji mtu wa Fanja, au mmoja wa majirani wale yu hai, au mtoto wa Mbaraka aliyehadithiwa na babaye, nnamuomba anisahihishe. Na Zuwena mwenyewe, kama yuko Doha au popote, ana wajukuu na haya yanamfikia, anitumie neno aseme Shinuna umechanganya, kikombe changu kilibaki juu ya mkeka, mimi sikunywa. Umri wote huu watu wananisifu kwa kukumbuka. Katika hili nataka niambiwe nimekosea.